Magadi, Dawa na Mkono wa Fundi
Kampuni ya Magadi Soda iliundwa mwaka 1911 kuvuna magadi ya Ziwa Magadi, hapa Kajiado. Kiini chake, sodiamu kaboneti, ndicho kinachoamsha dawa nyingi za kusafishia filamu za picha nyeusi na nyeupe. Kilichobaki huamuliwa na mkono, na hapo ndipo ufundi wenyewe ulipo.

Pale mwanga ulipoipiga filamu sana, dawa huchoka upesi na kuacha bromidi, chumvi inayoizuia kufanya kazi. Tangi la kusafishia filamu lisipotikiswa, bromidi huteremka ikichora michirizi, na anga angavu la Kitengela hutoka la kijivu. Likitikiswa kupita kiasi, mawingu huwa meupe pe, bila umbo. Mafundi wengi hulipindua tangi kwa sekunde 5 katika kila sekunde 30, kisha huligonga mezani ili mapovu yabanduke.