Risasi Kuukuu Haistaafu

Katikati ya mwezi Julai 1994, jeshi la serikali iliyoendesha mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi lilishindwa vita. Liliuhama mji wa Gisenyi na kuvuka mpaka kuingia Goma, Zaire, pamoja na mamia ya maelfu ya raia. Mpakani, askari wa Zaire waliwanyang'anya wengi silaha zao, na marundo ya bunduki, risasi na mabomu ya mkono yakalala kando ya barabara. Silaha nyingine zilivuka pamoja na wenyewe. Miaka ya 1997 na 1998, wakazi wa Gisenyi na Ruhengeri waliuawa na wapiganaji waliotoka katika jeshi lile lile na wanamgambo wake.

Funzo la kwanza ni dhahiri: silaha iliyotupwa haijateketezwa, imebadili mwenyewe tu.

Funzo la pili limetoka Tanzania. Tarehe 29 Aprili 2009 lililipuka ghala la silaha katika kambi ya jeshi ya Mbagala, Dar es Salaam. Tarehe 16 Februari 2011 yakalipuka maghala ya Gongo la Mboto, katika jiji hilo hilo. Kila mkasa uliua watu wasiopungua 20, na makombora yaliangukia nyumba za raia.

Maghala hayo yalikuwa na walinzi. Lakini mlinzi humzuia mwizi; hawezi kuizuia baruti isichakae. Baruti ya risasi na makombora hutiwa dawa ya kuituliza, na dawa hiyo hupungua mwaka hadi mwaka, upesi zaidi penye joto. Ikiisha, baruti huweza kuwaka yenyewe, pasipo kiberiti wala adui.

Kwa hiyo hapana budi kila ghala liwe na daftari la umri wa risasi na makombora, na yaliyopitwa na wakati yateketezwe na mafundi. Huhesabiwa, hupelekwa mbali na makazi, hupangwa shimoni na kulipuliwa. Kisha eneo hukaguliwa lisibaki kombora lililo hai. Kuyafukia ni kumtegea mkulima. Kuyatosa katika Ziwa Kivu ni kumtegea mvuvi.

Rwanda inaijua kazi hiyo. Mwaka 2009 ilitangazwa kuwa imekwisha kuyaondoa mabomu yaliyotegwa ardhini mwake, kazi iliyofanywa na askari wake. Askari anayetia sahihi daftari la risasi zilizoteketezwa, baada ya kuzihesabu kwa macho yake, amewalinda raia sawasawa na mwenzake anayelinda mpaka.