Kutoka ukuta wa udongo hadi sari ya waziri

Nimekuwa kimya siku kadhaa, mnisamehe. Kazi za gazeti mnazijua. Leo nawapeleka India, na kilichonisukuma ni picha moja tu.

Tarehe 1 Februari 2025 waziri wa fedha wa India, Nirmala Sitharaman, aliingia bungeni kusoma bajeti. Sisi waandishi siku kama hiyo huwa tunawinda tarakimu: kodi gani imepanda, ushuru gani umeshuka. Lakini picha zilizozunguka sana siku ile zilikuwa za sari yake. Ya rangi ya maziwa, pindo la dhahabu, na samaki waliochorwa kwa mkono. Aliyewachora ni Dulari Devi, mama ambaye hakusoma shule na aliyewahi kuwa mfanyakazi wa ndani. Nitarudi kwake. Kwanza tujiulize, hao samaki walitoka wapi?

Walitoka ukutani. Mithila ni eneo la kaskazini mwa jimbo la Bihar, na linavuka mpaka kuingia Nepal. Huko wanawake wamekuwa wakichora kwenye kuta za nyumba zao za udongo kwa vizazi na vizazi, mama akimfundisha binti. Michoro yenye uzito kuliko yote ni ile ya kohbar, chumba cha maharusi: mayungiyungi, mianzi, samaki, kasuku, kobe, vyote vikiwaombea wawili hao uzazi na neema. Rangi zilitoka jikoni na shambani. Nyeusi ni masizi, njano ni manjano haya haya ya pilau, nyeupe ni unga wa mchele uliokorogwa. Brashi? Kijiti cha mwanzi kilichofungwa kitambaa. Na hakuna aliyeandika jina lake. Ukuta ukichakaa unasiribwa upya, mchoro unapotea, harusi nyingine ikija unachorwa mwingine.

Dunia ya nje ilikuja kuiona sanaa hii kwa njia ya msiba. Tarehe 15 Januari 1934 tetemeko kubwa lilipiga Bihar na Nepal, likaua watu zaidi ya 10,000. Mwingereza mmoja, William Archer, aliyekuwa ofisa wa serikali ya kikoloni huko Madhubani, alikwenda kukagua uharibifu. Kuta za nje zilikuwa zimeanguka, na yeye mwanamume mgeni akajikuta anatazama kuta za ndani ambazo hakupaswa kuziona kabisa. Baadaye alizipiga picha, na mwaka 1949 akachapisha makala kuzihusu katika jarida la Marg. Ndiyo wanavyosema "aliigundua" sanaa ya Mithila. Jamani! Wanawake wa kule walikuwa hawajaipoteza.

Msiba wa pili ndio uliogeuza kila kitu. Mwaka 1966 hadi 1967 Bihar ilikumbwa na ukame mkali, mashamba yakakauka. Pupul Jayakar, aliyekuwa akiongoza bodi ya serikali ya kazi za mikono, akamtuma msanii kutoka Bombay, Bhaskar Kulkarni, apeleke karatasi vijijini. Rai yake ilikuwa nyepesi kuisema: kile mnachokichora ukutani kichoreni hapa, tutakinunua. Kuitekeleza ilikuwa kazi. Wanawake wengi wa matabaka ya juu walikuwa hawatoki hovyo nje ya ua, na kumuuzia mgeni mchoro wa chumba cha maharusi halikuwa jambo dogo. Wachache walithubutu, na mmoja wao, Sita Devi, akaja kupewa nishani ya taifa ya Padma Shri mwaka 1981.

Wako wanaolalamika kwamba karatasi iliua roho ya sanaa hii, ikaigeuza bidhaa. Mimi sikubaliani nao. Karatasi ilileta vitu viwili ambavyo ukuta haukuwa navyo, yaani jina na fedha. Mnunuzi anataka kujua nani kachora. Na mwanamke aliyekuwa akisubiri mume arudi na chochote, sasa yeye ndiye analeta unga nyumbani.

Tena karatasi ilifungua maudhui. Ganga Devi, fundi wa mistari myembamba kama unywele, alikwenda Marekani akarudi akachora treni ya bembea ya kule. Alipougua saratani, akachora hospitali: vitanda, dripu, madaktari. Ukutani angeyachora wapi hayo? Alifariki mwaka 1991. Miaka yake ya mwisho alikuwa amechora kohbar nzima katika Makumbusho ya Kazi za Mikono jijini New Delhi, na mwaka 2015 ikajulikana kwamba kuta hizo zimefutwa wakati wa ukarabati. Kijijini ukuta ukifutwa kuna binti atakayeuchora tena. Huo wa New Delhi nani angeuchora?

Halafu kuna suala la tabaka. Mwanzoni walionufaika walikuwa zaidi Wabrahmini na Wakayastha. Miaka ya 1970 wanawake wa Kidusadh, jamii iliyohesabiwa miongoni mwa "wasioguswa", nao wakashika karatasi. Hawakuiga miungu ya mabwana. Walichukua michoro ya tatuu za miilini mwao, inayoitwa godna, wakachora visa vya shujaa wao Raja Salhesh, na karatasi wakaipaka kwanza maji ya kinyesi cha ng'ombe ipate rangi ya ukuta wa udongo.

Leo michoro hii iko kila mahali: mikoba, vikombe, barakoa wakati wa korona, hata mabehewa ya treni. Mwingi ni uchapaji wa mashine tu, ingawa jina la Madhubani lilisajiliwa kisheria mwaka 2007 kama mali ya eneo hilo. Mwaka 2017 wasanii zaidi ya 100 walichora kuta za stesheni ya Madhubani. Mwaka uliofuata stesheni ikapata zawadi ya pili katika mashindano ya stesheni zilizopendezeshwa nchini. Wachoraji walifanya kazi ile bure, kwa kujitolea. Lakini saruji na rangi hazikutolewa bure na mtu, au?

Haya, turudi kwa Dulari Devi. Amezaliwa katika tabaka la wavuvi, akaolewa akiwa bado mtoto, akafiwa na mwanawe mchanga, akarudi kwao Ranti. Akapata kazi ya kufagia na kuosha vyombo katika nyumba ya wachoraji, Mahasundari Devi na Karpuri Devi. Akawa anawatazama, kisha jioni akirudi kwake anachora na kijiti chini kwenye udongo. Siku moja akaomba afundishwe, akakubaliwa. Padma Shri aliipata mwaka 2021.

Waziri alipotembelea Madhubani, Dulari alimpa ile sari zawadi, akamwomba aivae siku ya bajeti. Akaivaa, na binti wa wavuvi akawa amewaingiza samaki bungeni.