Mtungo wa Shanga na Orodha ya Kompyuta

Fungueni madaftari.

Mwaka 1874 msafiri Mwingereza, Cameron, alifika Ujiji. Alikuta sokoni bei zikihesabiwa kwa shanga ziitwazo sofi. Soko lilipoanza, wabadili fedha walikuja na mifuko yao wakawapa wanunuzi sofi. Soko lilipofungwa, walizipokea tena kwa wauzaji, wakapata faida mara mbili. Sasa tuseme mmoja wao alikagua kila shanga iliyokuja peke yake, lakini mtungo mzima aliupokea bila kuutazama. Shanga mbovu ingepitia wapi? Katika mtungo.

Kosa kama hilo limo katika kompyuta. Mwaka 1991 Mholanzi Guido van Rossum alitoa lugha ya kuiamuru kompyuta, iitwayo Python. Ndani yake mna orodha iliyo tayari, ya kuwekea vitu kwa mfuatano. Hapo kwanza haikuwezekana orodha mpya kuirithi ile. Watu waliifunga ndani ya kitu kingine, kama shanga mfukoni. Toleo la 2.2, la Desemba 2001, likaruhusu urithi.

Lakini urithi huo una mtego mpaka leo. Tuseme karani wa mwalo wa Kibirizi anaandika ndoo za dagaa za kila mtumbwi. Anaunda orodha ya kukataa namba inayozidi 100, akibadili amri ya "ongeza kimoja". Akikosea akaandika 800 badala ya 80, inakataliwa. Jioni anaingiza mitumbwi yote pamoja kwa amri ya "ongeza vingi". Mara hii 800 inapita kimya! Kwa nini? Amri hiyo ya kurithi haipiti kwa mlinzi wake. Ina mlango wake yenyewe. Siku ya malipo, mvuvi mmoja anakula jasho la wenzake.

Dawa yake ni hii. Kwanza, jaribu kila mlango kwa namba mbaya. Pili, weka ukaguzi mmoja, na kila amri ya kuingiza iupitie. Au rudia njia ya kale: ifunge orodha ndani ya kitu chako, uache wazi milango unayoilinda tu.

Maswali:
1. Sofi zilitumiwa kwa kazi gani?
2. Kwa nini namba 800 ilipita?
3. Je, daftari la chama chenu lina milango mingapi?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.