Maumivu, sehemu ya 4: Mita 800 za mwaka 1928

Mama zangu, leo tuongelee maumivu ya mbio. Olimpiki ya Amsterdam, 1928, wanawake walikimbia mita 800 kwa mara ya kwanza. Kinue Hitomi wa Japani alizoea mbio fupi na kuruka. Alipokosa fainali ya mita 100, akaingia huku. Sasa, mkimbiaji wa mbio fupi ana kasi, ila mzunguko wa pili misuli inadai oksijeni kuliko inayofika, miguu inawaka moto. Wa mbio ndefu ana pumzi, lakini anateseka mapema kwa sababu kasi ile si yake.

Lina Radke wa Ujerumani alishinda kwa dakika 2:16.8, rekodi ya dunia. Hitomi akawa wa pili, akaanguka chini hoi. Wote 9 walimaliza. Ila magazeti yakaandika wanawake hawaziwezi, zikafutwa hadi Roma 1960. Miaka 32! Wanaume nao hujilaza wakimaliza. Zao nani alizifuta?

Binti yako akijilaza baada ya mbio, mwache apumue. Akizimia au kifua kikimbana, mlete hospitali. Maumivu peke yake si udhaifu jamani.