Msitu wa Osun

Huko Nigeria, katika nchi ya Wayoruba, uko mji uitwao Osogbo, na kando yake msitu wa hekta 75 upitiwao na mto Osun. Wazee husimulia kwamba waanzilishi wa mji walikata mti ukaangukia mtoni; mara sauti ya mwanamke ikalia majini kuwa vyungu vyake vya rangi vimevunjwa. Ndiye Osun, mwenye mto. Wakapatana naye, na tangu hapo kukata mti humo ni mwiko.

Mwaka 1950 alifika Nigeria Bibi Susanne Wenger, mchoraji, mzaliwa wa Graz, Austria. Akaugua kifua kikuu. Alipopona, akaishika dini ya wenyeji. Siku zile vibanda vya ibada vilikuwa vikibomoka, na miti yaanguka kwa shoka. Wengi waliosoma waliyaonea haya mambo ya babu zao. Sisi tuliolelewa misioni twaijua haya hiyo.

Pamoja na mafundi wa pale, kama Adebisi Akanji, aliyekuwa mwashi, alijenga upya mahali pa ibada na kusimamisha sanamu za udongo na saruji, nyingine ndefu kuliko nyumba. Hakufuata maumbo ya kale. Wako waliomlaumu, wala lawama yao si ya bure. Hata hivyo msitu ulisalimika: mwaka 2005 UNESCO iliutia katika urithi wa dunia.

Bibi huyo alifariki Osogbo mwaka 2009. Kila Agosti msichana mwali, Arugba, hujitwika kibuyu cha sadaka, na umati humsindikiza mpaka mtoni.