Samaki Wageni wa Ziwa la Naivasha

Besi ni samaki wa Amerika ya Kaskazini. Huko mvuvi asimamaye ukingoni na ndoana yake hufuata majira. Baridi ikiisha na maji kupata moto, dume huchimba kiota penye maji haba, akayalinda mayai; ndipo apatikanapo karibu. Wakati wa jua kali hujificha kivulini, akatoka alfajiri na jioni. Baridi irudipo hushuka kilindini, wala hali ila kidogo.

Ziwa la Naivasha, katika Kenya, zamani lilikuwa na samaki mmoja tu wa asili, naye mdogo sana. Mwaka 1925 alitiwa perege, na mwaka 1929 akaletwa besi kutoka Marekani, ili walowezi wapate mchezo wa kuvua. Hapo hapana majira ya baridi. Besi hula mwaka mzima, na samaki wadogo ni chakula chake.

Wahenga walinena, “Mgeni njoo, mwenyeji apone.” Lakini hapa mwenyeji hakupona. Yule samaki mdogo alionekana mara ya mwisho mwaka 1962, na wataalamu hudhani ya kuwa besi ndiye aliyemmaliza.

Hata hivyo wageni hao wamewalisha wengi, maana uvuvi wa biashara ulianza pale mwaka 1959. Basi, ndugu msomaji, faida tumeiona na hasara tumeiona. Kumtia samaki ziwani ni kazi ya siku moja. Kumrudisha aliyekwisha, hakuna awezaye.