Nani anaingia kwenye jedwali? Historia fupi ya kuandikisha mkimbizi

Wandugu, sisi wa Buyenzi, Kamenge na Buterere neno "sistemu" tumelijua kwa njia moja tu: "sistemu imekataa". Linasemwa kana kwamba sistemu ni mvua, inanyesha inapotaka. Hapana, ilitengenezwa na watu. Kuna watu walikaa mezani wakaamua mkimbizi ni kitu gani, kisha ndipo programu ikaandikwa. Wanaosomea mifumo ya taarifa za usimamizi huita uamuzi huo modeli, yani picha ya dunia iliyopunguzwa mpaka iingie kwenye jedwali. Kisichokuwemo kwenye picha, kompyuta haitakiona hata ulie mbele yake.

Turudi 1994. Tarehe 28 na 29 Aprili, Wanyarwanda kama 250,000 walivuka Rusumo kuingia Ngara, Tanzania, kwa muda wa saa 24 hivi. Mwezi wa saba Goma ikapokea karibu milioni moja kwa siku chache. Nani angeweza kuandika majina? Chakula kilipitia kwa viongozi wa komini, walewale waliotoka nao Rwanda, na kiongozi ndiye aliyesema watu wake ni wangapi. Modeli ilikuwa fupi kabisa: kinachoingia ni idadi aliyotaja kiongozi, kinachotoka ni magunia. Mrejesho haukuwepo, yani njia ya kujua kama mama wa mwisho kwenye mstari alipata unga. Na baadhi ya viongozi hao walikuwa na damu mikononi. Hesabu ya uongo iliwapa nguvu juu ya watu, si chakula cha ziada tu.

Mwaka huohuo HCR ilitoa mwongozo wa uandikishaji kwa wafanyakazi wake. Siku ya hesabu watu wanaingia uwanja uliozungushiwa uzio, kila mtu anavalishwa bangili ya plastiki ama anapewa jetoni, halafu vitu hivyo vinabadilishwa kwa kadi ya familia. Kupambana na hesabu ya uongo, hiyo ilikuwa akili nzuri, siikatai. Ila tazama kadi yenyewe: mara nyingi jina ni la baba. Mke, shangazi, yatima aliyeokotwa njiani, wote ni tarakimu: watu 7. Baba akiuza kadi ama akienda kwa mke mwingine, wale sita wamekwisha. Hakuna aliyekaa akapanga kuwaonea. Jedwali tu halikuwa na nafasi yao.

Mabadiliko hayakuanzia kwenye kompyuta. Mwaka 2001 Kamati Tendaji ya HCR ilipitisha azimio namba 91 kuhusu uandikishaji. Mwaka huohuo Ruud Lubbers, Kamishna Mkuu wa wakati ule, alitoa ahadi tano kwa wanawake wakimbizi, mojawapo kwamba kila mwanamke aandikwe yeye mwenyewe na apate karatasi zake. Kwa mtengeneza programu, maana yake ni moja: badilisha jedwali, mstari mmoja mtu mmoja. Mradi wa Profile ukaanza 2002, na kufika 2004 proGres ikaanza kutumika, kwa msaada wa Microsoft, ambao walishawahi kusaidia kuandikisha wakimbizi wa Kosovo 1999.

Vitabu vya shule vinafundisha njia ya maporomoko: chambua, sanifu, andika, jaribu, kabidhi, na maji hayarudi juu. Winston Royce, aliyechora mchoro huo 1970, mwenyewe alionya kwamba kuufuata hivyohivyo ni hatari. proGres inaonyesha sababu. Matoleo ya mwanzo, kila ofisi ilikuwa na hifadhidata yake. Mtu wa Bujumbura akifika Nairobi, habari zake zimebaki nyuma mpaka zitumwe. Walitengeneza programu ya wakimbizi wakasahau kwamba mkimbizi anatembea! Toleo la nne, lililoanza kuenea 2015, ndilo lililoziunganisha. Alama za vidole na macho zilijaribiwa Dzaleka, Malawi, mwaka 2013, kambi ya Wakongomani, Warundi na Wanyarwanda. Wataalamu wanaita hatua hiyo kielelezo cha majaribio. Kielelezo chenyewe kilikuwa ndugu zetu.

Je, vidole vilileta ukweli? Kwa sehemu. Uganda, baada ya tuhuma za idadi kuongezwa, serikali na HCR walihakiki watu upya 2018, na milioni 1.4 ya kwenye vitabu ikawa kama milioni 1.1. Si wote waliopungua walikuwa hewa. Wengine walikuwa wameandikwa mara mbili, wengine walikuwa wamesharudi kwao.

Kinachoniuma zaidi ni cha Kenya. Wakati wa ukame, Wakenya wa karibu na Dadaab waliandikwa kama wakimbizi ili wapate chakula, wengine wakiwa watoto. Walipofika miaka 18 wakaomba kitambulisho cha taifa, vidole vikasema: huyu ni mkimbizi. Maelfu walikwama hivyo, bila kitambulisho na bila kazi, mpaka serikali ikafanya zoezi la kuwachunguza. Sistemu ilijua kumwingiza mtu. Mlango wa kumtoa haukuwa umechorwa.

Hapa Burundi, tangu sheria ya 2008, serikali inafanya kazi hii kupitia ONPRA pamoja na HCR. Mashirika mnaotusoma, mkileta programu mpya tuiteni kabla haijaandikwa, si siku ya kuzindua. Binti aliyeachana na mume, kijana aliyefika 18 anayetaka faili lake peke yake, watu hao ndio wanaojua jedwali linapasukia wapi.

Na nyinyi vijana, sera ya HCR ya 2015 kuhusu taarifa binafsi inakuruhusu kuuliza wameandika nini juu yako na kuomba kisahihishwe. Anza na tarehe ya kuzaliwa. Hapo ndipo wengi wetu tuliandikiwa 1 Januari.